Mwaka wa Gia Moja

Mwezi uliopita Eliza alikuja Tunduma kunitembelea, na nilipokwenda kumpokea stendi nikakosea mlango. Nilisimama upande wa dereva. Watu wanateremka upande wa pili na mabegi yao, mimi nimekodolea macho usukani, namwona kijana mwenye miwani ya jua anakunywa soda, na nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba mgeni wangu hakupanda. Kumbe alikuwa nyuma yangu muda wote, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, ananitazama. "Sabina," akasema, "unamtafuta nani huko mbele? Siku hizi mimi ni mzigo." Akacheka mwenyewe, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa najua. Daktari wa macho alishamwambia asishike gari tena. Jioni yake tulikaa sebuleni kwangu tukanywa chai ya tangawizi, na kila lori lilipopanda kile kilima cha nyuma ya nyumba na kubadilisha gia, mguu wa kushoto wa Eliza ulikandamiza zulia. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi sikumwambia. Nilikaa nikiutazama mguu ule hadi chai yangu ikapoa, na ndipo mwaka ule wote ukanirudia.

Nieleze mapema kwamba mimi si mtu wa kusoma sana, niliishia darasa la saba, na kumbukumbu yangu siiamini kama watu wengine wanavyoziamini za kwao. Mambo mengine ninayoyaandika hapa nilimsimulia Eliza kwanza, na pale aliposema "haikuwa hivyo" nimeandika alivyosema yeye. Tulipobishana nimeacha ya kwake na ya kwangu yakae pamoja, msomaji ataamua.

Wakati ule Songwe haijawa mkoa, tulikuwa bado Mbeya, na mpakani na Zambia hakukuwa na haya majengo ya pamoja ya leo. Lori likifika kutoka Dar es Salaam lilikuwa linakaa foleni mpaka dereva anaota ndevu. Foleni ilitoka getini, ikapita mjini, ikashuka kuelekea Mpemba, na siku mbaya ikapita Mpemba. Mimi na Eliza tulipika pembeni ya foleni hiyo, hapo Mpemba. Tulikuwa na mabenchi mawili, turubai, mafiga, na sufuria kubwa ya maharage ambayo mfuniko wake ulikuwa sahani ya mtu mwingine. Tulikuwa vijana wote wawili, yeye kanizidi kidogo, na wote tulikuwa tumefika Tunduma kwa sababu ambazo hazina maana kwenye hadithi hii. Chumba tulipanga kwa Mama Neema, chumba kimoja, tukakigawa kwa khanga iliyotundikwa kwenye kamba. Upande wangu kulikuwa na dirisha, upande wake kulikuwa na mlango. Dirisha lilitazama barabara. Ukiamka, kitu cha kwanza unachokiona ni tairi la lori, na mara nyingine miguu ya dereva akipiga mswaki.

Foleni ile ilikuwa na neno lake moja, sogeza. Geti likifunguliwa, lori la mbele linaingia, basi sauti inaanza huko mjini na kuteremka dereva kwa dereva, "Sogeza! Sogeza!" hadi inatufikia sisi na kutupita. Kila lori linakwenda urefu wa lori moja, linasimama. Saa nyingine neno linafika mara moja kwa siku. Lakini ole wako likufikie ukiwa umelala au umekwenda kuoga, kwa maana ukiacha nafasi mbele yako, mwenzako wa nyuma anaizunguka na kuichukua, na wa nyuma yake naye, na unajikuta uko pale ulipokuwa juzi. Nimeona wanaume wazima wakipigana na mafuta ya nywele yakiwa bado hayajakauka kichwani, kwa sababu ya nafasi moja. Ndiyo maana madereva walikula kwetu wakiwa wamekaa kiupandeupande, jicho moja kwenye ugali na jingine barabarani.

Kati yao alikuwepo Mzambia mmoja tuliyemwita Ba Chanda, mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua la mchana. Yeye hakusema ugali, alisema nshima, na dagaa wetu aliwaita kapenta, na akishiba alisema "natotela mukwai", yaani asante, kwa adabu utadhani tumempa ng'ombe. Siku moja, kipindi cha baridi, hakuja kula. Eliza akaniambia nimpelekee chakula kwenye gari. Nikapanda ile ngazi ya kabini, nikamkuta amejikunja kitandani nyuma ya viti, anatetemeka, jasho linamtoka na kofia yake kichwani. Yeye na utingo wake walikuwa wamekosana njiani, alikuwa peke yake. Akanitazama akasema kwa sauti ya chini, "Ndefwaya... ndefwaya..."

Sasa mimi ni Mnyiha wa Igamba. Kwetu ukisikia *fwa* ndani ya neno, hapo kuna msiba. Nikaiacha sahani kwenye kiti, nikaruka chini bila kutumia ngazi, nikakimbia huku napiga kelele kwamba Ba Chanda anakufa, mwenyewe kanitamkia kwa mdomo wake kwamba anakufa! Madereva wakaacha kula. Mama Neema akatoka na kitenge akiwa tayari kulia. Eliza, ambaye ni Mnamwanga na ndugu zake nusu wako ng'ambo Nakonde, akanishika bega. "Amesemaje? Sema alivyosema." Nikasema. Eliza akakaa kwenye benchi akacheka mpaka akashika tumbo. "Anataka maji, wewe! Ndefwaya ni nataka!" Tangu siku hiyo hadi Ba Chanda alipopona, madereva wakinyoosha sahani kuongezewa maharage walikuwa wanasema, "Sabina, nakufa, nakufa maharage."

Alipelekwa zahanati, akarudishwa na vidonge na amri ya kulala. Na ndipo siku ile ile, mchana, neno likateremka: sogeza. Lori la mbele ya Ba Chanda likaondoka. Nafasi ikabaki wazi, na la nyuma likaanza kupiga honi. Ba Chanda akachungulia dirishani, uso wa kijivu, hawezi hata kushika usukani, akamwona Eliza amesimama pale na ndoo ya maji. Hapa mimi na Eliza tunatofautiana. Mimi nakumbuka Ba Chanda ndiye alimwita, "Bamayo, mama, njoo ukanyage hapa." Eliza anasema hapana, anasema yeye alikuwa ameshaweka ndoo chini na ameshapanda ngazi kabla hajaitwa, na kwamba alipofika juu akashangaa amefikaje. Ninalolikumbuka kwa hakika ni sauti ya Ba Chanda ikimwelekeza kutoka kitandani, na lile lori kubwa lenye trela likiguna, likitikisika kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto, kisha likienda. Lilikwenda urefu wake. Likasimama. Eliza akateremka, akachukua ndoo yake, akaja kwenye mafiga akaanza kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Mwiko ulikuwa unagonga sufuria. "Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona. "Usiseme kitu," akasema. Sikusema kitu, lakini Mpemba nzima ilikuwa imeona.

Kuanzia hapo akawa anasogeza. Kwanza la Ba Chanda tu, siku zile za homa. Kisha dereva mmoja wa Iringa, mpenzi wa wali wetu, akasema ngoja nimalize kula kwa amani, dada Eliza nisogezee. Kisha mwingine. Ikafika mahali madereva wanakaa kwetu wamegeuza migongo barabarani, wamenyoosha miguu, na neno likifika Eliza anafuta mikono kwenye khanga na kupanda. Anasogeza hili, anateremka, anapanda la nyuma yake, anasogeza, anarudi ugali haujaungua. Nilimwona amejifunza kusimamisha lori nyuma ya lori kiasi kwamba kiganja hakipiti kati yao, ili mjanja yeyote asipate pa kuingiza pua. Nakiri nilikuwa namtazama kuliko nilivyokuwa natazama kazi yangu. Kuna watu wanapofanya kitu wanachokipenda shingo zao zinarefuka. Ya Eliza ilirefuka.

Lakini kuogopa hakukumtoka, na hili nataka lieleweke, maana siku hizi watu wakisimulia habari za Eliza wanamfanya kama aliyezaliwa bila moyo wa kudunda. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mafiga alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba kutapika kidogo. Nilidhani ni mimba, nikamuuliza kwa kuzunguka. Akasema, "Hakuna mimba, Sabi. Ni lori." Nikamuuliza anaogopa kugonga? Akasema kugonga hapana. "Naogopa watu watajua kwamba naipenda kazi hii. Wakijua ninavyoipenda halafu nishindwe, nitakaa wapi?" Alisema haya upande wake wa khanga, mimi nikiwa upande wangu, na nadhani kama khanga isingekuwepo asingesema.

Na watu walisema, tena kwa sauti. Ukuta kati yetu na Mama Neema ulikuwa wa mbao, na Mama Neema alikuwa na desturi ya kuongea na wageni wake akiwa ametuelekezea maneno sisi. "Mwanamke kashika lori," anasema, "atanyonyesha huku anakata kona?" Mgeni anacheka. "Na mume atakayempata awe na uvumilivu, akitaka chakula apige honi." Maneno yalimchoma Eliza, nilimwona. Ila haki isemwe. Huyu Mama Neema ndiye aliyetupa godoro wakati tunalalia mkeka, na siku dereva mmoja mlevi alipomshika Eliza mkono akitaka ateremke garini kwa nguvu, Mama Neema alitoka na mchi wa kinu na dereva yule akakumbuka ana safari. Sidhani alimchukia Eliza. Nadhani alikuwa amewahi kutaka kitu naye, zamani, na hakuna aliyemwambia panda. Hilo ni wazo langu tu, sikuwahi kumuuliza.

Ba Chanda alikuwa anarudi kila safari. Akifika foleni yetu alipiga honi mara mbili fupi, na Eliza alikuwa anajifanya hajasikia. Alikuwa anatusimulia habari za njia: ukitoka Nakonde unapita misitu ya miombo kwa muda mrefu huoni mtu, kisha Isoka, kisha Chinsali, kisha Mpika, na barabara bado inakwenda. Mimi nilikuwa nasikiliza habari hizo huku naosha vyombo, na nikimaliza vyombo naviosha tena. Siku moja akamuuliza Eliza moja kwa moja, "Bamayo, mulefwaya nshi? Unataka nini wewe?" Eliza akasema hataki kitu, Mungu amsaidie tu. Ba Chanda akatikisa kichwa. Akauliza tena. Eliza akasema, "Labda, sijui, kama ingewezekana, kuna watu wangeweza kumwambia mtu mwenye gari..." Ba Chanda akaweka tonge chini.

"Sikiliza," akasema. "Kwetu *ukufwaya* ni kutaka. Na kutafuta pia ni *ukufwaya*. Neno moja. Mtu anayetaka mbuzi na mtu anayetafuta mbuzi ni mtu mmoja, yuko porini, ana kamba mkononi. Sasa wewe unataka gari, na umekaa kwenye kigoda. Kwa Kibemba jambo hilo halisemeki."

Eliza akainamia mafiga. "Basi unisemee wewe, Ba Chanda. Wewe ni dereva, watakusikia."

"Awe," akasema, yaani hapana. "Mimi nikisema, nimetaka mimi. Na mimi gari ninalo." Neno la sogeza likafika, na safari hiyo alikwenda kusogeza mwenyewe, akimwacha Eliza amekaa.

Watu wa kwetu tuna tabia, na siisemi kwa ubaya, ya kutojisemea. Jambo lako zito unamtafutia mtu mwingine mdomo. Ukitaka kuoa unatuma mtu, ukitaka shamba unatuma mtu, ukitaka kusamehewa unatuma mtu. Kwa hiyo siku kadhaa baada ya Ba Chanda kukataa, Eliza akanigeukia mimi. Tulikuwa tumesikia kutoka kwa madereva kwamba kule kwetu Igamba yupo Mzee Nzunda, mwenye lori la kubebea kahawa, na dereva wake amemkimbia amevuka mpaka kutafuta maisha, na msimu unakaribia. Mzee Nzunda nilikuwa namfahamu, kila mtu wa Igamba anamfahamu. "Nenda na mimi," Eliza akasema. "Wewe utaongea." Nilitaka kukataa. Nilikuwa naogopa wazee, hasa wenye mali. Lakini alikuwa ameshika khanga iliyotugawa chumba, ameisogeza pembeni, jambo ambalo hatukuwa tunafanya, na nikaona uso wake wote.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Mzee Nzunda alitukaribisha uani, chini ya kibanda cha kuanikia kahawa, ametandika ngozi ya mbuzi kwenye kiti chake na sisi tukakalishwa kwenye benchi. Lori lilikuwa palepale, la bluu, na kuku wamelala chini yake. Mke wake mdogo akaleta viazi vya kuchemsha na karanga na maziwa mgando. Tukala. Tukaulizana habari za watu wote wa Igamba na wa Tunduma, wazima na waliokufa. Kisha Mzee akafuta mdomo akasema, "Haya, mwanangu Sabina. Mmefunga safari. Semeni."

Mimi nilikuwa nimewahi kusikia mazungumzo mazito ya aina moja tu maishani mwangu, ya posa. Basi mdomo ukaenda ulikozoea. Nikasema, "Mzee, shikamoo tena. Sisi tumetembea, tumechoka, tumeona tupumzike hapa kwako. Katika kutembea kwetu tumeona kitu kizuri kwenye uwanja wako. Kitu chenyewe hakina mtu wa kukitunza. Sasa huyu mwenzangu, ni binti wa watu, mchapakazi, ana heshima, moyo wake umependa..."

Mzee akakodoa macho. Mke mdogo, aliyekuwa anakusanya sahani, akasimama sahani zikiwa mkononi. Mzee akamtazama Eliza kuanzia viatu hadi kichwa, akakohoa, akasema kwa upole sana, kama mtu anayemnyima mtoto kisu, "Wanangu. Nimefurahi. Lakini mimi nina wake wawili, nao wananitosha. Hata huyu mmoja tu anatosha."

Mke mdogo akasema, "Asante, Mungu," na sahani moja ikaanguka.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikageuka kumtazama Eliza, nikadhani nitamwona analia, au ameshaondoka. Alikuwa amesimama. Shingo yake ilikuwa imerefuka vile vile kama kwenye kabini.

"Mzee," akasema, "samahani sana. Wewe sikutaki. Nataka lori lako."

Kuku mmoja akatoka chini ya lori.

"Nataka kuliendesha," Eliza akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. "Naendesha magari ya foleni Mpemba, waulize. Naogopa, usidhani siogopi, lakini nataka. Sijatumwa na mtu. Sabina hajatumwa, nimemleta mimi. Nataka mimi."

Sijawahi kusikia mwanamke akisema *nataka* mara nyingi hivyo mbele ya mzee. Kama alikosa adabu, basi alikosa. Mzee mwenyewe alisema hivyo baadaye, kwamba alikuwa karibu kumwambia atoke uani. Alichosema kilimzuia ni kicheko cha mke wake. Mke mdogo alikuwa ameketi chini kati ya vipande vya sahani, anacheka mpaka machozi, anarudia, "Wewe sikutaki! Nataka lori!" Mzee akajitahidi kununa, akashindwa. Akaingia ndani akatoka na ufunguo. "Twende sokoni na kurudi," akasema. "Ukiniua, ndugu zangu watawadai."

Tukapanda watatu, mimi katikati, magoti yangu yamebana karibu na ile fimbo ya gia. Eliza akawasha. Akakanyaga, akaingiza gia, lori likatoka uani laini, hata Mzee akageuka kumtazama. Tukashika barabara ya vumbi. Barabara ikawa wazi mbele yetu, hakuna lori, hakuna foleni, shamba la kahawa huku na huku. Injini ikaanza kulia. Ikalia zaidi. Sisi tunakwenda mwendo wa msiba, injini inapiga yowe, vioo vinatetemeka. Bibi mmoja aliyebeba kuni kichwani alikuwa nyuma yetu, akawa sawa na sisi, akatusalimia kwa heshima, akatupita.

Mzee akavumilia kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu. Gari hili lina gia tano."

"Najua, mzee."

"Mbona uko na moja tu?"

Eliza hakuondoa macho barabarani. "Hizo nyingine sijafika."

Mzee hakuelewa, lakini mimi nilielewa ghafla. Foleni haina gia ya pili. Mwaka mzima alikuwa ameendesha magari makubwa kuliko mtu yeyote wa Igamba, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa urefu wa lori moja. Angeweza kudanganya, angeweza kusema gari gumu, gari bovu, na wanaume wengi ninaowafahamu wangesema hivyo. Alisema, "Mzee, mimi najua gia moja. Naomba unifundishe ya pili. Hapa hapa."

Mzee hakumfundisha; alinyoosha kidole mbele, tukaenda na ile moja mpaka ghala la kahawa pale sokoni. Pale mbele ya ghala kuna jukwaa la kupakulia mizigo, na ukuta wake ulikuwa na makovu ya madereva waliopita, yule aliyekimbia akiwamo. Eliza akalisogeza lori, akalisogeza, mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, Mzee alikuwa ametoa kichwa dirishani, anapitisha kiganja kati ya lori na jukwaa, na kiganja hakipiti, na chokaa ya ukuta haijaguswa.

Nasikitika kwamba siwezi kuandika kwamba alimpa usukani siku ile. Hakumpa. Alisema, na nadhani alikuwa na haki, kwamba kahawa ni ya watu na barabara ya Mlowo ina mteremko usiotaka mchezo. Alimwambia aje msimu huo awe utingo, apakie magunia pamoja na wanaume, akae kushoto kwa dereva wa kuazima, atazame mguu wake. Nilidhani Eliza atakataa, baada ya kujivua nguo vile mbele za watu. Akasema, "Nakuja kesho." Tuliporudi chumbani akafungasha vitu vyake, na Mama Neema, aliyesikia yote kupitia ukuta, akaingia bila kubisha hodi na kumpa sweta la mwanamume. "Kwenye lori kuna upepo," akasema, akatoka.

Alipakia magunia msimu mzima. Gia ya pili alipewa kwenye tambarare, ya tatu baadaye sana. Msimu ulipokuwa unakaribia kwisha niko kwenye mafiga peke yangu, nikasikia honi mbili fupi. Nikadhani Ba Chanda. Nikageuka, nikaona lori la bluu linatokea upande wa Mlowo, linapunguza mwendo, nasikia gia zinashuka moja baada ya moja kama mtu anayeteremka ngazi kwa uangalifu, na Eliza yuko juu, na Mzee Nzunda amelala kiti cha kushoto mdomo wazi. Madereva waliokuwa kwenye benchi wote wakasimama. Mmoja, yule wa Iringa, alikuwa na tonge mkononi na alilishika hivyo hivyo juu mpaka lori likapita. Miaka iliyofuata Eliza aliendesha magari ya watu wengi, makubwa kuliko lile, mpaka huko Zambia alikokuwa anatusimulia Ba Chanda, na mimi nilibaki nalisha foleni. Sijutii kuilisha. Watu lazima wale.

Mwezi uliopita, tulipomaliza chai, nilimsimulia haya yote hadi lile tonge. Macho yake yaliyofifia yalikuwa yameelekea dirishani. Kisha akaniuliza kitu ambacho, kwa miaka yote ya kufahamiana kwetu, hakuna aliyewahi kuniuliza. "Na wewe, Sabi? Mwaka ule wewe ulikuwa unataka nini?"

Nikasema mimi sikuwa na neno, nilikuwa sawa tu. Akangoja. Nikasema labda, sijui. Lori likapanda kilima nje, mguu wake ukakandamiza zulia. Nikasema, "Nilitaka kuona foleni inakwenda wapi." Nikaona haya, mtu mzima mwenye wajukuu. Nimekaa mpakani tangu ujana wangu, na ng'ambo sijavuka soko la Nakonde. Isoka, Chinsali, Mpika nayajua kwa kuosha vyombo.

"Ulitaka," akasema Eliza, "au unataka?"

Jumatatu tulivuka na hati zetu, tukapanda basi upande wa Nakonde, viti vya mbele, mimi dirishani. Kwenye dirisha la uhamiaji kijana wa kule alikuwa ameniuliza kwa Kibemba ninataka nini, nami nilijibu neno lile lile lililonikimbiza kwenye kabini zamani, na hakuna aliyekufa. Basi likaanza kuondoka. Eliza alifumba macho, mikono mapajani, mguu wa kushoto uko tayari. Tukapita lori la mwisho la foleni. Baada yake barabara ilikuwa tupu, miti tu, nami nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Ya pili," Eliza akasema, akisikiliza injini. Kisha, "Ya tatu hiyo. Tulia, Sabi. Ziko nyingine."